Nimtegemeeje Mungu ambaye sijawahi kumwona?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Nimelelewa kanisani tangu utoto na ninafundisha shule ya Jumapili. Mwaka jana baba yangu aliugua. Tulifunga, tukaomba, tukawekewa mikono, lakini akafariki. Tangu hapo nikipiga magoti naona kama naongea peke yangu. Kazini nina mwenzangu asiyeamini, akaniuliza: "Huyo Mungu umewahi kumwona? Kama hujamwona, unajuaje kwamba yupo?" Nilimjibu kwamba hata upepo hauonekani, akacheka. Nilipowaeleza viongozi wangu, wakaniambia nikemee roho ya mashaka. Naomba unisaidie: mtu anamtegemeaje Mungu asiyemwona? Na je, niendelee kufundisha watoto nikiwa katika hali hii?

JIBU: Asifiwe milele, dada yangu. Pole sana kwa kuondokewa na mzee.

Naona hapa maswali mawili yamefungwa kwa kamba moja, na nadhani ndiyo maana yanakulemea. Mwenzako anauliza kama Mungu yupo. Wewe, nikikusoma vizuri, unauliza kama Mungu huyo anakusikia, na kama ni wa kutegemewa baada ya yaliyompata baba yako. Mara nyingi mtu akija na swali la pili, sisi watumishi tunamjibu la kwanza, kwa sababu lina majibu ya kukariri. Nitaanza na la mwenzako kwa kuwa ni jepesi zaidi, kisha nikae kwenye lako.

Hilo jibu la upepo liache. Najua linahubiriwa kila mahali, pamoja na ndugu zake umeme na hewa, lakini mwenzako alikuwa na haki ya kucheka. Upepo una vipimo. Kasi yake inaandikwa, mwelekeo wake unatangazwa, na ukitaka uhakika unatoka nje unaupata usoni. Tena hakuna aliyewahi kulia usiku kwa sababu upepo haukumjibu. Mungu tunayemkiri si nguvu fulani ya asili ambayo haina rangi tu. Tunasema ana nia, anapenda, anaahidi. Kumfananisha na upepo ni kumtetea mwingine kabisa.

Jambo la kwanza la kumwambia mwenzako ni kwamba hajagundua siri yetu. Kwamba Mungu haonekani ni fundisho letu wenyewe, na tulilirithi kutoka Israeli. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 4, Musa anawakumbusha watu kwamba siku ile mlimani walisikia sauti ya maneno ila hawakuona umbo lolote, na kwa sababu hiyo wasijichongee sanamu. Mataifa jirani yalikuwa na miungu ya kutazamwa na kubebwa mabegani. Israeli ikaamriwa kuishi bila hiyo. Mwaka 63 kabla ya Kristo, jemadari wa Kirumi Pompey aliuteka Yerusalemu, akaingia hadi Patakatifu pa Patakatifu, chumba cha ndani kabisa cha hekalu, mahali ambapo kuhani mkuu peke yake aliruhusiwa, mara moja kwa mwaka. Mwanahistoria Mrumi Tacitus anaandika kwamba tangu hapo ikajulikana kwamba ndani hamkuwa na sanamu ya mungu yeyote. Chumba kilikuwa kitupu. Kwa Mrumi hilo lilikuwa ajabu. Myahudi yeyote angemwambia hivyo kabla hajavunja ukuta.

Wakristo wa kwanza nao waliitwa wakana Mungu kwa sababu hiyo hiyo: hawakuwa na sanamu wala sadaka za wanyama, na miungu ya mji hawakuiheshimu. Polikarpo, askofu mzee wa Smirna, alipofikishwa mbele ya liwali katikati ya karne ya 2, aliamriwa aseme, "Waondoke wakana Mungu!" Yule mzee akaugeukia umati uliojaa uwanjani, akaunyoshea mkono, akasema maneno yale yale, akiwaelekezea wao. Kisha akakataa kumtukana Kristo, akisema amemtumikia miaka 86 wala hajamtendea ubaya wowote. Angalia alichokitegemea. Hakutaja maono. Alitaja miaka ya kuishi na mtu ambaye macho yake hayakuwahi kumwona.

Kwa hiyo mwenzako akikuuliza tena kama umemwona, sema hapana, na useme bila aibu. Yohana anaandika katika sura ya kwanza ya Injili yake kwamba hakuna mtu aliyemwona Mungu wakati wowote. Paulo anamwambia Timotheo kwamba Mungu hukaa katika nuru isiyoweza kukaribiwa. Kama Mungu ndiye aliyefanya vitu vyote viwepo, basi yeye mwenyewe hawezi kuwa kimojawapo kati ya hivyo vitu, kikubwa kuliko vingine, kimejificha nyuma ya mawingu kikisubiri darubini yenye nguvu zaidi. Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi tunayoiita leo Algeria, anakiri kwamba ujanani alikwama hapo kwa miaka mingi. Hakuweza kufikiria kitu chochote kuwepo bila kuwa na mwili na nafasi, hivyo akamwazia Mungu kama kitu chepesi kilichoenea kila mahali. Alikuwa mtu mwenye akili kali kupita kiasi, na bado ilimchukua muda mrefu kuona kwamba tatizo halikuwa upungufu wa ushahidi. Alikuwa anatafuta kitu ambacho hakuna Mkristo aliyekuwa anakisema.

Baadaye, akiwa askofu wa Hippo, aliandika kitabu kidogo kuhusu kuamini mambo yasiyoonekana, akiwajibu watu wanaosema maneno ya mwenzako. Anauliza: nia njema ya rafiki yako umewahi kuiona? Uso wake unauona, maneno yake unayasikia, matendo unayapokea, lakini moyo wake kwako hauonekani kwa jicho. Mtu mbaya anaweza kutoa maneno hayo hayo. Ukisema utamwamini rafiki pale tu utakapothibitisha moyo wake, hutapata rafiki kamwe, kwa sababu lazima umwamini kwanza ndipo siku ya taabu ije kuuthibitisha huo urafiki. Napenda hoja hii kwa sababu inagusa maisha kama yalivyo. Watu wote, pamoja na mwenzako, tunaendesha mambo yetu mazito kabisa, ndoa, malezi, mikataba, kwa kuamini kisichoonekana ndani ya mtu. Wala si upofu: tunaamini kwa sababu ya alama, historia na tabia.

Lakini hoja hii ina mwisho wake, na ni vizuri uujue kabla mwenzako hajakuonyesha. Rafiki ana uso. Mungu naye ana nini?

Hapa ndipo imani ya Kikristo inapotoa jibu lake hasa, na nashangaa jinsi tunavyolikimbia na kwenda kwenye upepo. Ule mstari wa Yohana hauishii kwenye kusema hakuna aliyemwona Mungu. Unaendelea kusema kwamba Mwana ndiye aliyemfunua. Mwanafunzi wake Filipo alipomwomba Yesu awaonyeshe Baba, na hilo lingewatosha, alijibiwa kwamba aliyemwona Yesu amemwona Baba. Waraka kwa Wakolosai unamwita Yesu mfano wa Mungu asiyeonekana. Basi dai letu lina mahali na wakati: kulikuwa na mtu Galilaya na Uyahudi, akasulubiwa chini ya liwali anayejulikana kwa jina, Pontio Pilato, na watu kadhaa walisema walimwona akiwa hai baada ya hapo.

Paulo anaandika hayo katika Wakorintho wa kwanza sura ya 15, yapata mwaka 55, miaka ishirini na kitu tu baada ya msalaba. Anasema aliyapokea na sasa anayakabidhi: Kristo alimtokea Kefa, yaani Petro, kisha wale Thenashara, wanafunzi wake kumi na wawili, kisha ndugu zaidi ya mia tano kwa pamoja, ambao wengi wao walikuwa bado hai wakati anaandika, kisha Yakobo. Katika Wagalatia anaeleza kwamba alikwenda Yerusalemu akakaa na Kefa siku 15, akamwona na Yakobo, ndugu yake Bwana. Kwa hiyo hakuokota uvumi sokoni. Alikaa mezani na watu wenyewe. Na anathubutu kusema, katika sura hiyo ya 15, kwamba kama Kristo hakufufuka, basi imani yetu ni bure. Mtu anayetaka watu waamini bila kufikiri haandiki sentensi kama hiyo, kwa sababu inampa mpinzani mahali pa kupiga.

Kwa hiyo jibu lako kwa mwenzako linaweza kuwa fupi: "Sijamwona. Naamini ushuhuda wa watu waliomwona Yesu, na nimeupima, nikaona una uzito." Anaweza kuukataa. Ushuhuda si hesabu. Haumlazimishi mtu kama mbili na mbili zinavyomlazimisha. Ila hapo mtakuwa mnazungumza juu ya kitu halisi kinachoweza kuchunguzwa.

Akiwa msomaji sana, huenda atakuletea hoja nzito kuliko ile ya "umemwona?", na ni afadhali uisikie kwangu. Mwaka 1993 mwanafalsafa wa Kanada, John Schellenberg, aliipanga vizuri kuliko wengi waliomtangulia. Kwa ufupi anasema hivi: Mungu mwenye upendo kamili angekuwa tayari siku zote kuwa na uhusiano na kila mtu asiyempinga. Huwezi kuwa na uhusiano na mtu usiyeamini kwamba yupo. Lakini wapo watu wasioamini ambao hawampingi Mungu hata kidogo. Wengine wanamtafuta kwa machozi. Basi, anahitimisha, Mungu wa namna hiyo hayupo. Usiidharau hoja hii, na usimwambie mtu anayeitoa kwamba shida yake ni dhambi. Mfaransa Blaise Pascal, mwanahisabati wa karne ya 17, alikuwa ameshasema kwamba kuna nuru ya kutosha kwa wanaotaka kuona na giza la kutosha kwa wasiotaka. Hilo linasaidia kwa kiasi fulani, lakini halimgusi yule anayetaka kuona na bado haoni. Mimi jibu langu ni kwamba hoja ile inafungua na kufunga hesabu ndani ya muda mfupi sana, kana kwamba uhusiano usioanza leo kwa dalili za wazi hautaanza kamwe, na kana kwamba Mungu hawezi kuwa anamshughulikia mtu ambaye bado hajajua jina la anayemshughulikia. Biblia imejaa watu waliotembea na Mungu muda mrefu bila kujua wanatembea na nani. Wale wawili wa njia ya Emau, waliotembea na Yesu mfufuka bila kumtambua, ni mfano mmoja. Je, hilo linamaliza hoja? Kwangu linaipunguza makali tu, na siwezi kukudanganya kwamba linafanya zaidi ya hapo.

Tena tusidhani kwamba kuona kungetatua kila kitu. Waliosikia sauti ya Sinai ndio hao hao waliotengeneza ndama wa dhahabu chini ya mlima ule ule, Musa akiwa bado hajashuka. Na kuna mstari mmoja mwishoni mwa Mathayo ambao sisikii ukihubiriwa. Wanafunzi wako Galilaya, Yesu mfufuka amesimama mbele yao: "Nao walipomwona, walimsujudia; lakini baadhi yao waliona shaka." Mathayo hakuona haja ya kuuficha mstari huo. Yesu naye hakuwatenga wenye shaka kabla ya kuwatuma. Agizo la kwenda kwa mataifa yote walipewa wote waliokuwa pale.

Sasa nirudi kwako, maana swali lako ni gumu kuliko la mwenzako.

Nianze na kufunga na kuomba kwenu. Kama kuna mtu amekuambia, au amekuonyesha kwa jicho tu, kwamba baba yako angepona mngekuwa na imani zaidi, amesema jambo ambalo mitume wenyewe hawakulisema. Katika Matendo ya Mitume sura ya 19 tunasoma kwamba leso na nguo zilizomgusa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa nao wakapona. Paulo huyo huyo, katika waraka wa pili kwa Timotheo, anataja kwa mstari mmoja tu kwamba alimwacha Trofimo kule Mileto akiwa mgonjwa. Haelezi sababu. Hasemi Trofimo alikuwa na imani haba. Timotheo mwenyewe, aliyesumbuliwa na tumbo na magonjwa ya mara kwa mara, aliambiwa atumie mvinyo kidogo, hakuambiwa akemee. Na kuhusu taabu yake mwenyewe, aliyoiita mwiba katika mwili, Paulo aliomba mara tatu, akajibiwa kwamba neema itamtosha, mwiba ukabaki. Katika bustani ya Gethsemane Yesu aliomba kikombe cha mateso kimwepuke, nacho hakikuondolewa. Nani atasema Yesu alikosa imani?

Kifo cha baba yako hakikuwa alama uliyopata kwenye mtihani wa maombi. Nalisema kwanza kwa sababu naona watu wengi wakijaribu kurudisha imani huku wamebeba hatia ambayo si yao, na haiwezekani kumtegemea mtu ambaye unadhani alimwadhibu mzazi wako kwa sababu ya udhaifu wako.

Halafu kuna huo ukimya. Soma tena habari za Yusufu, safari hii ukiangalia anachoambiwa na asichoambiwa. Alikuwa na miaka 17 habari yake inapoanza, kabla ndugu zake hawajamuuza, na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao. Katikati kuna utumwa, kusingiziwa na gereza. Mwandishi wa Mwanzo anatuambia sisi wasomaji, na kurudia, kwamba BWANA alikuwa pamoja na Yusufu. Lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba Mungu alimwambia Yusufu hivyo. Ibrahimu alisikia sauti, Isaka alitokewa, Yakobo alishindana na mtu usiku kucha. Yusufu aliota ndoto mbili ujanani, akawa na uwezo wa kufasiri za wengine, basi. Sisi tunajua sentensi ambayo yeye hakusomewa. Nadhani waumini wengi wanaishi zaidi kama Yusufu kuliko kama Ibrahimu, na makanisa yetu yamewafanya waone haya kwa hilo, kwa sababu kila anayeshika kipaza sauti huanza na "Bwana ameniambia".

Esta je? Kitabu kizima cha Esta katika Kiebrania hakimtaji Mungu hata mara moja. Watu wanafunga, mfalme anakosa usingizi, kumbukumbu za kale zinasomwa usiku, taifa linaokoka, na jina lake halitamkwi. Waliokusanya Maandiko waliona kwamba hata kitabu cha namna hiyo kinastahili kuwamo.

Mwingine ni Yohana Mbatizaji. Huyu alimwona Yesu kwa macho, alimbatiza kwa mikono yake. Akiwa gerezani akatuma wanafunzi wake waulize kama kweli Yesu ndiye, au wamngojee mwingine. Yesu hakumkemea. Aliwaambia wampelekee habari za vipofu kuona na viwete kutembea, mambo aliyoyatabiri Isaya. Lakini Isaya aliandika pia juu ya wafungwa kufunguliwa, na hilo Yesu hakulitaja, wala Yohana hakufunguliwa. Alikatwa kichwa mle gerezani. Na wale wajumbe walipoondoka, Yesu aliwaambia makutano kwamba katika waliozaliwa na wanawake hajaondokea aliye mkuu kuliko Yohana. Hayo aliyasema juu ya mtu aliyekuwa ametoka kutuma mashaka yake hadharani.

Ndiyo maana hilo agizo la kukemea roho ya mashaka linanipa shida. Wanaokupa wanakupenda, sina wasiwasi na hilo, lakini sioni walikolitoa. Yuda katika waraka wake mfupi anaagiza wenye shaka wahurumiwe. Tomaso, tuliyemgeuza kuwa tusi, alikaa siku nane baada ya kutamka wazi kwamba haamini, na Jumapili iliyofuata bado alikuwa ndani pamoja na wenzake. Hawakumfukuza, naye hakuondoka. Yule baba mwenye mtoto mgonjwa katika Marko 9 alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto akaponywa kwa sala hiyo hiyo iliyogawanyika katikati. Shaka si kinyume cha kumtegemea Mungu. Kinyume chake ni kuacha kusema naye, na wewe bado unapiga magoti, hata kama unaona unaongea peke yako.

Basi badilisha unachosema ukiwa umepiga magoti. Nahisi umekuwa ukijilazimisha kuomba sala za shukrani na ushindi ambazo hazimo moyoni, na sala ya namna hiyo lazima isikike kama kuongea peke yako, maana hata wewe mwenyewe humo. Chukua Zaburi ya 13: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Chukua ya 88, ambayo ni ya ajabu kuliko zote kwa sababu haigeuki kuwa sifa mwishoni kama nyingine zifanyavyo, inaishia gizani. Watu wa Mungu waliiimba hekaluni hivyo hivyo. Ayubu anasema anakwenda mbele hamwoni, anarudi nyuma hamwoni, kushoto na kuume hamwoni, kisha anaongeza kwamba Mungu aijua njia anayoiendea. Alichokishika ni kwamba yeye anaonekana na Mungu, ingawa Mungu haonekani kwake. Maneno hayo yapo ili watu kama wewe wasikose la kusema. Zaburi moja asubuhi, kwa sauti, yatosha. Usiongeze mikesha.

Wapo pia waliokaa katika hali hiyo muda mrefu sana. Barua za Mama Teresa wa Kolkata zilipochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, watu walishtuka kukuta kwamba kwa miongo kadhaa, wakati ulimwengu unamwona kama mfano wa imani, yeye aliwaandikia waungamishi wake juu ya giza, ukimya na kutohisi uwepo wa Mungu kabisa. Aliendelea kuosha vidonda. Wengine walisema basi alikuwa mnafiki. Mimi nasoma tofauti: alikuwa ameshatoa neno lake, na hakulifunga neno hilo kwenye hisia. Lakini sikupi habari yake kama kielelezo cha kuiga. Giza si cheo cha kiroho, na usilitafute.

Tena lisichanganywe na ugonjwa. Huzuni ya msiba inaweza kukausha kila kitu, pamoja na sala, hamu ya chakula na furaha ya kukaa na watu. Eliya alipokata tamaa chini ya mti akaomba afe, malaika hakumfundisha somo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Mazungumzo na Mungu, ile sauti ndogo ya utulivu, yalikuja baada ya siku 40 za safari. Kwa hiyo nakuuliza kama kaka: unalala? Unakula? Kama usingizi umekupotea kwa wiki nyingi, au unajikuta unatamani usingekuwepo, mwone daktari au mshauri nasaha wiki hii, na umwambie mtu wa karibu akusindikize. Kufanya hivyo hakupunguzi imani yako hata chembe.

Nikuonye juu ya jambo moja pia, kwa sababu watu walio katika hali yako huwindwa. Utatokea mtu wa kukuuzia Mungu wa kuonekana: mafuta, maji, kitambaa, unabii wenye jina la baba yako ndani yake, na sadaka maalumu ya kufungua milango. Israeli walipochoka kumngoja Mungu wasiyemwona walivua dhahabu zao masikioni wakampa Haruni. Wewe usivue chochote.

Swali la kwamba utawezaje kumtegemea, kwa hiyo, silijibu kwa kukupa njia ya kumhisi. Kumtegemea Mungu ni kuendelea kutenda kwa kulishika neno lake wakati huna kingine mkononi. Ibrahimu aliitwa akiwa na miaka 75, Isaka akazaliwa akiwa na 100, na katika nchi yote aliyoahidiwa alikufa akiwa na pango la kuzikia alilolinunua kwa shekeli 400 za fedha. Waraka kwa Waebrania unasema waziwazi kwamba yeye na wenzake walikufa hawajazipokea zile ahadi. Utegemezi wake ulionekana katika kuamka, kufunga mizigo, kupiga hema, kumwachia Lutu achague nchi kwanza. Yohana naye anatuelekeza huko huko katika waraka wake wa kwanza. Anarudia kwamba hakuna aliyemwona Mungu, na sentensi inayofuata inasema tukipendana, Mungu hukaa ndani yetu. Kama mama yako yupo, yeye ndiye mjane unayemwona. Kaa naye. Msimulizane habari za mzee, hata mkilia. Siku ambazo sala haitoki, hiyo ndiyo sala.

Kuhusu shule ya Jumapili, Ignasi wa Loyola, aliyeishi karne ya 16 na kuwaongoza watu wengi katika ukavu wa namna hii, aliacha kanuni moja ninayoiona ya busara: wakati wa ukiwa usibadilishe uamuzi uliofanya ulipokuwa na amani. Kwa hiyo usijiuzulu sasa kwa sababu tu unajiona hustahili. Ila zungumza na mkuu wa shule ya Jumapili, umweleze ukweli, uombe mwalimu wa pili darasani ili siku usipoweza asiwepo mtoto anayekosa somo. Usiwafundishe watoto jambo unaloona kwa sasa ni uongo. Chagua masomo unayoweza kuyabeba, na habari za Yusufu ni mahali pazuri pa kuanzia. Miezi mitatu ikipita ukaona kila Jumapili inakuumiza, omba likizo, uketi kwenye benchi kama waumini wengine. Na mtoto akikuuliza kama wewe umemwona Mungu, maana watoto huuliza hivyo bila kubisha hodi, mwambie hujamwona, kisha umsimulie kuhusu Filipo.